Rupia Iliyoogeshwa

Wifi yangu Margaret ni msafi. Sisemi hivyo kumsifu. Kuna usafi wa watu wa kawaida, wa kufagia ua na kusugua sufuria, na kuna usafi wa Margaret, ambao hata kuku wake walikuwa wakiukimbia. Alikuwa akiosha kuni. Nilimwona kwa macho yangu pale Changamwe, amekaa kibaoni na beseni la maji, anasuuza kuni zilizoletwa na matope ili zikaungue zikiwa safi. Kaka yangu aliishi naye hivyo hivyo mpaka Mungu alipomchukua, na nadhani hakuna maiti iliyowapunguzia kazi waoshaji kama ile.

Sasa mwanawe, Gona, alitaka kuoa. Ilikuwa mwaka ule baada ya vita kwisha, nguo ni za kutafuta na sukari ni ya kupimiwa, lakini vijana hawakusubiri sukari. Gona alikuwa mpakiaji magunia kwenye yadi ya reli. Msichana wake, Jumwa, aliimba kwaya Kisauni, na kwa ajili ya sauti ile Gona alikuwa akitoka Changamwe kila Jumapili, anavuka Makupa, anakikata kisiwa chote, kisha anavuka daraja la Nyali, ati kanisa la kwetu halina mhubiri mzuri. Mhubiri wetu alikuwa mzuri sana. Mimi, Kache, shangazi mtu, ndiye niliyetumwa kupeleka posa, kwa sababu nina mdomo na sioni haya kuutumia.

Jumwa hakuwa na mama. Alilelewa na nyanya yake, Bibi Mbodze, mwanamke mfupi mwenye ugoro puani na ucheshi wa kuudhi. Mahari tulikubaliana bila tabu: mbuzi, blanketi, tembo la mnazi la wazee, basi. Likabaki jambo moja tu, nalo katika ukoo wao halikosekani, nalo ni rupia ya mkono.

Rupia ya mkono hutiwa na bwana arusi kwenye kiganja cha aliyemlea msichana. Haitumiki dukani, maana ni ile rupia ya zamani ya Kampuni, yenye mizani upande mmoja, iliyotangulia shilingi za Mfalme. Na si rupia ya mizani yoyote. Lazima iwe imekula mikono, yaani imechakaa kwa kushikwa. Bibi Mbodze alinieleza sababu siku ya kwanza.

"Rupia yenye sura kali ilifungiwa sandukuni na mchoyo," alisema. "Iliyolainika ilitoka, ikalisha watu, ikarudi. Mimi mjukuu wangu simpeleki kwenye nyumba ya wachoyo."

Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, kwa hiyo rupia aliipima kwa kidole gumba. Watu walisema alishawahi kuirudisha posa nzima kwa sababu gumba lake lilikwama kwenye ukingo wa mizani.

Sisi hatukuwa na wasiwasi. Kaka yangu alikuwa ameacha rupia moja ya mizani, aliyoirithi kwa baba yetu, imefungwa kitambaani ndani ya sanduku. Ilikuwa imelainika mpaka ile mizani inaonekana kama kamba ya kuanikia nguo, nayo imeiva rangi ya kahawia, na penye mikunjo ni nyeusi kama kitako cha chungu. Nilipoishika nilimwambia Gona kazi imekwisha, aanze kutafuta viatu vya arusi.

Jumamosi ya kuipeleka nikafika kwa Margaret asubuhi. Akanipokea kwa tabasamu, na mkononi ana sahani nyeupe, na juu ya sahani ipo rupia. Ilikuwa inang'aa. Niliinama kuitazama nikaona tundu za pua yangu mwenyewe ndani yake.

"Umeifanya nini, wifi?"

"Nimeisugua," alisema, na furaha ilikuwa imemjaa uso mzima. "Kwanza majivu, halafu ndimu, halafu mchanga mwembamba kwa kumbi la nazi. Imenikataakataa, lakini imetakata. Hatuwezi kwenda kwa wakwe na kitu kichafu."

Kwetu mtu haendi ukweni hata na vumbi la mguu. Mhogo hatuupeleki sokoni na udongo wake, na mgeni hatumtolei kikombe kabla hatujakisuuza mbele yake. Margaret alifuata desturi zote za watu wenye adabu. Nilikasirika mpaka masikio yakawasha, na kosa lake silioni. Tukaondoka.

Bibi Mbodze alitukaribisha mkekani. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, tukaulizana habari za wazima na wagonjwa, na Gona akapiga goti akamtilia rupia kiganjani. Nyuma ya pazia la mlango nilisikia bangili za Jumwa zikilia kidogo kisha zikanyamaza.

Gumba la Bibi lilikwenda, likarudi. Likaenda tena. Akaiweka rupia shavuni. Kisha akaipeleka puani, akavuta pumzi.

"Ndimu," alisema. "Nani kaiogesha?"

"Mimi, Bibi," akajibu Margaret. "Ilikuwa chafu."

"Pole, mwanangu. Sasa nisikilizeni. Kulainika imelainika, hilo sikatai. Lakini kule kulainika kwa mikono kunateleza, na hii inakwaruza kidogo, kama ulimi wa paka. Hapa pamepita mchanga. Mimi nitajuaje kama mchanga umepita juu ya rupia ya watu, au mmechukua rupia ya mchoyo mkaisugua makali yake muje mnidanganye?"

"Wallahi, Bibi, ni ile ya babu," alisema Gona.

"Huenda ni kweli. Ushahidi ulikuwapo, na mama yako kaumwaga na maji ya kuoshea." Akamrudishia mkononi. "Kesho mnatangazwa kanisani mara ya kwanza. Tangazo la tatu likisomwa nami sina rupia niiaminiyo, nitasimama kanisani niseme nina pingamizi. Najua kusimama, miguu ninayo."

Alisema bila ukali hata kidogo, na hilo ndilo lililonitia baridi. Mtu mkali utambembeleza. Mtu anayekukatalia huku anakumiminia uji utamfanya nini? Gona alikunywa uji wake wote kwa adabu, na nadhani hakujua anakunywa nini. Njiani Margaret alilia kutoka daraja la Nyali mpaka Makupa, na mimi niliyekuwa nimemwandalia maneno tangu asubuhi nikajikuta ninambebea kikapu.

Jioni ileile Gona alitaka tumwone Bwana Pinto. Huyu alikuwa Mgoa, karani wa reli aliyestaafu, anayekaa karibu na stesheni ya Changamwe, na kila mtu alijua anakusanya sarafu kuukuu kama watoto wanavyokusanya makombe ya pwani. Tulitumaini ana rupia nyingine ya mizani, ya kuuza au kukopesha.

Alitandika kitambaa mezani, akawasha taa, akaitazama rupia yetu kwa kioo cha kukuzia. Kisha akakiweka kioo chini taratibu, akavua miwani.

"Mama Kache, nani amefanya hivi?"

"Mtu msafi," nilijibu.

Akatuonyesha. Chini ya kile kioo uso wa rupia ulijaa mikwaruzo myembamba, mamia, yote inaelekea upande mmoja, kama ua uliofagiwa asubuhi. Akatueleza jinsi anavyozipanga sarafu zake. Kuna ambayo haijaguswa, hiyo ndiyo ya juu. Kuna iliyoguswa kidogo, kuna iliyotumika, kuna iliyochoka. Iliyochoka ni ya mwisho, lakini bado ina kiti chake mezani.

"Kuchakaa ni uzee tu," alisema. "Mzee nitampa kiti cha nyuma, lakini nitampa kiti. Hii haikuchakaa tu, imechunwa ngozi. Sarafu ikikaa hufanya ngozi yake, ile rangi. Ukiitoa, mimi siwezi kuipanga popote. Sijui ilikuwa nani."

Nikawaza kwamba Bibi Mbodze amesema maneno yaleyale, naye hajawahi kushika kioo cha kukuzia. Lakini Bwana Pinto alipofungua kijaluba chake cha pamba na kutuonyesha rupia yake ya mizani, isiyowahi kuguswa, kali na nzito na yenye mng'aro wa ndani unaozunguka ukiigeuza, nilijua hatutasaidika. Yeye alikuwa akiitazama kwa mapenzi na kuziba mdomo isipate pumzi yake. Kwa Bibi, ile ilikuwa rupia ya mchoyo mkuu kuliko wote. Walikuwa wanaipenda sarafu moja, mmoja kwa kichwa na mwingine kwa mkia, na sisi tumeipeleka mahali ambapo wote wawili hawaitaki.

"Hii yetu itapona?" Gona aliuliza.

"Mikwaruzo haiponi. Rangi itarudi, ikishikwashikwa. Jasho, mafuta, moshi. Lakini inataka miaka, kijana."

Gona hakuwa na miaka. Alikuwa na majuma mawili na rupia. Akaanza kuishika yeye usiku uleule: chakulani mkononi, akilala kwapani. Kesho yake, Jumapili, baada ya tangazo la kwanza, akamwonyesha Jumwa nje ya kanisa. Ilikuwa imefifia kidogo tu, kama mtu aliyekunywa maji machafu.

Jumwa aliitazama, kisha akacheka. Nilikuwapo, na nakiri nilidhani msichana hana huruma.

"Bibi haulizi imekuwa laini vipi," alisema. "Anauliza imepita kwa nani. Wewe umeifungia kwapani, huo si uchoyo? Ipitishe."

"Ikipotea?"

"Ikipotea tumekosa sote." Akaichukua, akaifunga kwenye pindo la kanga yake. "Naanza mimi. Kesho nitampa mtu, naye atampa mtu. Sharti ni moja, kwamba wewe huifuati. Nitawaambia tu wairudishe Changamwe kabla ya tangazo la tatu."

Jambo lile lilikuwa wazimu. Rupia ni fedha tupu, na mjini walikuwapo wafua fedha wa kuiyeyusha iwe bangili bila kuuliza jina la mwenyewe. Watu walikuwa na shida. Gona alikubali kwa sababu ya macho ya Jumwa, nami ningekuwa kijana ningekubali vilevile.

Basi ikaenda. Jumwa alimpa mama mmoja muuza nazi, kule Kongowea, ambaye aliishika mchana kutwa na mikono ya mafuta. Huyo akampa shemeji yake. Siku tatu hatukusikia kitu, kisha mtu akaja kusema ameiona Likoni kwa mkaanga samaki, iko chini ya karai, inafukizwa. Tukasikia iko Mtongwe kwa mgema, amepanda nayo mnazi. Tukasikia mwimba besi wa kwaya ameitia kiatuni akatembea nayo mpaka mazishini na kurudi. Kila aliyeishika alijua ni ya nini, na nyuma ya rupia zikaanza kuja salamu. Watu nisiowajua walinisimamisha njiani: "Wewe ndiye shangazi wa ile rupia? Arusi lini?" Nikaanza kuvaa vizuri nikitoka.

Margaret peke yake hakufurahi. Kila habari ilimchoma mara mbili, mara ya kwanza kwa hofu ya kupotea na mara ya pili kwa uchafu. Habari ya kiatu hatukuthubutu kumwambia.

Jumatano ya juma la mwisho habari zikakatika. Mpakiaji mmoja, mwenzake Gona, akatwambia rupia alimpa Dishon. Dishon alikuwa mtu wa bara, mchochea makaa kwenye garimoshi, kijana mpole aliyepanga chumba nyuma ya maduka. Gona hakutaka kuifuata, basi mimi na Margaret tukaenda chumbani kwa huyo Dishon. Kitanda kitupu, ukutani misumari mitupu. Jirani akatwambia Dishon amehamishwa ghafla, ameondoka na garimoshi la usiku wa jana, sasa atafanya kazi Nakuru.

Margaret aliketi pale pale kizingitini, na hakupangusa kwanza. "Kaichukua," alisema. "Mtu wa bara, atarudi kufanya nini?"

Gona tulimpelekea habari. Aliacha kula. Alhamisi alikwenda kazini akarudi, Ijumaa vilevile, na kifua kile cha kubeba magunia kilikuwa kimeingia ndani. Nilimhurumia mpaka nikakosa mzaha, nami sikosi mzaha hovyo. Bwana Pinto alisikia. Ijumaa jioni alikuja kwa miguu, kofia mkononi, akamwekea Gona kijaluba cha pamba mapajani.

"Chukua," alisema. "Isugue uwezavyo. Nitageuka nisione."

Gona akakifunga kijaluba akamrudishia kwa mikono miwili. "Ahsante, Bwana Pinto. Atajua." Mzee yule alishusha pumzi ambayo nilidhani haitaisha, nami kuanzia siku ile nilimpenda.

Jumamosi alasiri garimoshi la bara liliingia. Mimi na Margaret tulikuwa tunachambua mchele, tukaona mtu mwenye koti la gadi wa reli anavuka ua, anauliza Gona ni nani. Gona akatoka. Gadi akampa kifurushi cha jani la mgomba kilichofungwa kwa kamba ya katani.

"Dishon anakusalimu," alisema. "Aliondoshwa hata hakupewa nafasi ya kuaga. Kanipa mimi? Hapana. Alimpa dereva wa Nakuru, yule akampa mpiga kengele wa Nairobi, yule akampa mtu wa Makindu. Mimi nimeikuta Voi, na jamaa wa Voi hakutaka kuitoa mpaka mkewe naye aishike. Wanauliza mmezaa wangapi. Nimewaambia hawajaoana bado, nyinyi ndio mnaowachelewesha."

Gona alifungua jani. Rupia ilikuwa nyeusi kwa masizi na grisi, inanuka vitunguu, na katikati imeiva kahawia kama maandazi. Margaret alinyosha mkono. Nikamtazama. Akauficha mkono mgongoni, na wa pili akaufuatisha.

Jumapili tulifika Kisauni mapema, kabla ya kengele ya kwanza. Bibi Mbodze alikuwa amekwisha vaa nguo ya kanisani. Gona akapiga goti. Gumba likaenda, likarudi. Rupia ikaenda shavuni, ikaenda puani, ikakaa huko.

"Makaa," alisema Bibi. "Samaki. Na hii nyingine sijui nini."

"Kiatu," nilisema, maana uongo mbele ya pua ile haufai.

"Ni ileile. Mikwaruzo ipo."

"Ni ileile, Bibi," alisema Gona. "Mikwaruzo haitoki. Sikuleta nyingine."

"Imepita wapi?"

Gona akamwambia. Alianza na kanga ya Jumwa, akaja mama wa nazi, mkaanga samaki, mgema, mwimba besi, wapakiaji, Dishon, dereva, mpiga kengele, mtu wa Makindu, jamaa wa Voi na mkewe. Aliwataja wote, asiyemjua jina akamtaja kazi, na sauti yake ilikuwa inakwenda inatulia.

"Ulimfuata nani kati yao?"

"Sikumfuata mtu."

"Mjini kuna wafua fedha."

"Wapo, Bibi."

"Na mikono yote hiyo ina njaa."

"Ina njaa."

"Na imerudi."

"Imerudi."

Bibi alifunga kiganja. Midomo yake ilitafuna kitu kisichokuwapo. Nje watu walikuwa wanapita kwenda kanisani, tunasikia viatu vyao.

"Rupia niliyopewa mimi nilipomwoza mama yake Jumwa ilikuwa laini kuliko hii," alisema mwishowe. "Waliniambia imepita kwa watu wema. Nikaamini, nifanyeje, watu wenyewe sikuwaona. Mwanangu alikaa nyumba ile miaka minne, na siku ya homa yake hapakuwa na jirani hata mmoja wa kuja kuniita." Akageuza uso upande wa Gona. "Wewe umenitajia watu. Mtoto wangu akiugua usiku, kuna wa kukimbia. Hilo tu ndilo nililokuwa naliuliza, baba, tangu mwanzo."

Akaitia rupia kifuani, ndani ya nguo. Gona alilia pale pale, mbele ya wakwe, kwa sauti, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Desturi ni kwamba msichana haonekani mpaka aitwe. Bangili zililia nyuma ya pazia, pazia likafunguka, na Jumwa akatoka bila kuitwa akaja kuketi mkekani kando yake.